Mfalme Katika Chupa ya Dawa

14 Februari 1993

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kile kiuno ulichokilalamikia mwaka juzi kimetulia. Mimi sijambo ya kujikaza. Macho yananiaga kidogo kidogo. Siku hizi navaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na bado tundu la hereni nalitafuta kwa kidole. Wateja wa zamani hawajaacha kupita hapa karakanani, lakini wanakuja kuhakikisha kama nipo, si kuagiza kitu.

Leo ni miezi mitatu tangu tumzike wifi yako. Barua yako ya pole ilifika, na zile leso mbili ulizodarizi nimeziweka mahali pake. Nilidhani kazi ingekuwa kulala peke yangu. Kumbe kazi ni chai. Kila asubuhi natoa vikombe viwili kabatini, kisha narudisha kimoja. Jana nilijisahau nikavijaza vyote. Nikaona aibu kumwaga, nikavinywa vyote viwili, moyo ukanienda mbio mpaka mchana. Hatukujaliwa mtoto, kama ujuavyo, kwa hiyo hakukuwa na wa kunicheka.

Shangazi yetu bado yupo, ng'ambo ya reli, kwa wajukuu zake. Umri wake hakuna aujuaye, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Sijamwona tangu mazishi.

Wiki iliyopita nilianza kupanga vitu vya marehemu. Ndani ya bweta lake la mapambo nikakikuta kidani alichovaa siku ya harusi yetu. Nikakaa kitandani nimekishika. Halafu, sijui kwa nini, nikaikumbuka ile medali ya Baba. Unaikumbuka? Ile ya fedha waliyopewa wapiga tarumbeta wa bendi ya mji, siku alipotawazwa yule mfalme wa mbali. Upande mmoja uso wa mfalme, upande wa pili taji na tarehe. Baba alikuwa akiitundika kwenye msumari juu ya kitanda na kusema, "Mfalme halijui jina langu, mimi nalijua lake. Haya, nani mjuzi kati yetu?"

Nimeuliza tu. Usijisumbue nalo.

Ni mimi mdogo wako,
Koleo

(Umebaki peke yako duniani wa kuniita hivyo, basi nimejiita mwenyewe nisilisahau.)


20 Machi 1993

Mdogo wangu Koleo,

Marahaba. Barua yako imekaa siku tisa kwenye meza ya bawabu wa hospitali kwa sababu anwani uliiandika kama kuku amekanyaga wino. Ongeza miwani ya tatu.

Mimi sijambo. Kiuno kipo pale pale, tumeshazoeana. Kazi yangu ni ile ile ya chumba cha mashuka, huku chini kabisa, jirani na mashine za kufulia. Shuka likichakaa katikati nalipasua mapande mawili, kingo zake nazigeuza ziwe katikati, nalishona upya. Linapata miaka mingine miwili. Wauguzi vijana wananiita Mama Pindo. Wakija kuchukua mashuka wanaongea wao kwa wao, na mimi huwa nimemeza mate nikisubiri aniulize mtu kitu nimjibu.

Septemba nastaafu. Msimamizi kaniuliza nitakwenda wapi, nikamwambia nitakuwa chumbani kwangu. Chumba chenyewe ni kimoja, dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili. Jirani wa juu ana kiti anachokiburuta kila saa kumi na mbili jioni, ndipo najua siku imekwisha. Mwezi uliopita alisafiri wiki nzima na mimi nikawa sijui saa ya kula.

Nimesoma habari ya vikombe mara tatu. Kiache hicho cha pili nje ya kabati. Kukirudisha ndiko kunakoumiza.

Sasa medali. Unaniuliza kama naikumbuka, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua ya juzi. Koleo, mimi nilitoka nyumbani na medali ile mgongoni. Ilipotoweka kwenye msumari, wiki mbili kabla ya harusi yako, mimi ndiye niliyekuwa na sanduku lililofungwa tayari kwenda chuo cha ushonaji. Ikaonekana nimeiuza nipate nauli. Baba alilisema mara moja, mezani, huku akimenya chungwa. Shangazi alilisema kila siku, dukani, bombani, mlangoni kwa watu. "Mwizi wa mfalme." Nimelibeba jina hilo miaka thelathini na minane na sina la kuongeza juu yake.

Kama wewe unalo, stempu bado zinauzwa.

Dada yako


2 Mei 1993

Dada,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Mvua ilipenya juu ya meza yangu ya kazi ikanibidi nihamishe kila kitu, na mtu wa umri wangu akihama meza ni kama amehama mji.

Nusu ya karakana nimemkaribisha fundi saa, mtu mpole, mjane kama mimi. Ametundika saa kumi na nne ukutani na hakuna hata mbili zinazokubaliana. Zikianza kugonga tunanyamaza wote mpaka zimalize ugomvi wao. Kusema kweli nashukuru. Kabla hajaja nilikuwa nasikia tupa yangu tu ikikwaruza, na nikiiweka chini sisikii kitu.

Maneno yako niliyasoma. Sikuwa na nia ya kukutonesha.

Kifurushi hiki kina kidani cha wifi yako. Hakuwa na dada wala binti, wewe ndiye wifi yake pekee, na gauni lake la harusi ulilishona wewe. Nimeona kikae kwako. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza niliyoifanya peke yangu, enzi hizo bwana mkubwa aliyenifundisha hajaniruhusu hata kushika fedha ya mteja. Kitazame vizuri. Kitazame na nyuma pia.

Ukiona chochote cha kusema, niandikie.

Mdogo wako,
Koleo


11 Juni 1993

Koleo,

Marahaba. Msalimie huyo fundi saa wako.

Kifurushi kimefika. Watu wa forodha walikifungua na kukifunga tena kwa kamba ambayo siyo yako, maana fundo lilikuwa zuri. Nilikuwa na homa siku mbili, hakuna aliyejua ila mimi na birika. Nikakifungua nikiwa kitandani.

Nimekitazama kama ulivyotaka. Duara la fedha, ua la petali nane limetobolewa katikati, kitanzi kimelehemiwa juu. Kwa mwanafunzi ni kazi safi. Nyuma pamekwanguliwa, lakini taji limeacha kivuli, mfano wa alama ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Ukikiinamisha dirishani zinatokea tarakimu tatu za tarehe ambazo tupa ilizipita. Ukingoni kuna pengo dogo.

Umeleta kitu hiki kiseme kwa niaba yako. Ulipokuwa mtoto, ukivunja chombo, ulikuwa ukija kunishika mkono, unanivuta bila neno mpaka kilipovunjikia, halafu unasimama nyuma yangu. Mama akiingia ananikuta mimi mbele. Leo una miaka hamsini na tisa na bado uko nyuma yangu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kuniita mrithi.

Nakirudisha. Badala yake nakupa kazi, mteja kwa fundi. Kirudishe kilivyokuwa kabla hujakigusa. Nataka uso wa mfalme, tarehe, utepe wake wa buluu, na msumari ukutani. Ukimaliza uniandikie imekuchukua muda gani.

Dada yako


30 Juni 1993

Dada,

Shikamoo. Kifurushi kimefika salama. Huku mvua zimekatika. Fundi saa ana mafua.

Nitakuandikia.

Koleo


2 Agosti 1993

Koleo,

Mafua ya fundi saa yameisha?

Dada yako


19 Agosti 1993

Dada,

Leo sitakuamkia kwanza. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, najijua.

Medali ya Baba niliichukua mimi.

Ilikuwa Jumanne, Baba amekwenda kunyolewa, wewe uko kwa cherehani chumba cha mbele, nakusikia unapiga pedali. Nilipita nyuma yako na mfalme mfukoni, ukaniuliza kama nina njaa.

Nilikuwa nimemwahidi mchumba wangu kidani kitakachotoka mkononi mwangu. Nilikwisha jisifu kwa kila mtu. Na bwana mkubwa hakuwa akituachia wanafunzi hata chembe ya fedha, alikuwa akiipima asubuhi na jioni. Nikajiambia nitaiazima tu medali, nichukue umbo lake kwenye udongo, niirudishe kabla Baba hajamaliza kunyolewa. Kisha nikaishika, nikaona uzito wake, na tupa ilikuwa mezani. Pua ndiyo iliyotoka kwanza. Nilipofika kwenye jicho nilitaka kuacha, lakini mfalme asiye na pua utamtundikaje tena msumarini? Nikaendelea mpaka pakawa pamelala kama sahani.

Nilipanga kusema baada ya harusi. Harusi ikapita, wewe ukaondoka. Nikapanga kukuandikia ukishafika. Kisha nikasema nimwache Baba apoe, kisha Baba akawa mzee, kisha akafa. Kosa lilikuwa lile lile moja, Dada, lakini aibu ya kuchelewa ililala juu yake mwaka hadi mwaka, mwishowe nikawa silifikii tena kosa lenyewe. Nilikuwa nakutumia salamu za mwaka mpya na kujitia hamnazo.

Wifi yako hakujua. Alidhani bwana mkubwa alinipa fedha ile kama zawadi. Kila alipokivaa nilikuwa natazama pembeni, naye alidhani ni haya ya mapenzi, akawa anafurahi. Hilo nalo nimelibeba.

Kazi uliyonipa siiwezi, na hakuna fundi aiwezaye. Uso haurudi. Ila sonara hatupi vumbi. Chini ya meza zetu tunafunga ngozi inayodaka kila chembe inayotoka kwenye tupa, na mwisho wa mwaka tunaziyeyusha zote pamoja. Chembe za uso ule sikuzichanganya na za mtu mwingine. Nilizikung'uta ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, nikaziba, nikaiweka nyuma ya mizani. Nimehama karakana mara mbili na chupa ile nimehama nayo. Mfalme yumo humo mzima, pua na macho. Nilikuwa sithubutu kumyeyusha wala kumtupa.

Nisamehe. Usiponisamehe pia nitaelewa, lakini niandikie. Usininyamazie kama nilivyokunyamazia.

Koleo


12 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Nilijua.

Gauni lile nililishona mimi, na asubuhi ya harusi ni mimi niliyelifunga vifungo mgongoni, ishirini na viwili. Mke wako akanipa kidani nimvalishe. Nikakipitisha shingoni, vidole vyangu vikakuta lile pengo ukingoni. Unajua Baba alikuwa akifungulia nini kopo la dawa ya kung'arishia tarumbeta? Kwa medali ile ile ya mfalme, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka fedha ikamomonyoka. Hakuna medali nyingine duniani yenye pengo lile. Wifi akaniuliza, "Mbona mikono imekuwa ya baridi?" Nikamwambia nimejichoma sindano.

Ningefumbua kinywa pale, usingekuwa na mke jioni ile. Alikuwa anajitazama kwenye kioo na kukigusa, anakigusa tena. Sikuweza.

Nilikuwa na hakika utaniambia mwenyewe. Kesho yake ulinisindikiza kituoni. Basi lilichelewa saa tatu. Saa tatu nzima, Koleo! Ulikaza mkanda wa sanduku langu mara nne, ukaongea habari za matairi. Basi likang'oa na mimi nimeacha dirisha wazi, vumbi linaniingia machoni, kwa sababu nilidhani labda utakimbia kandokando uniambie. Ulikuwa umesimama pale pale, umeinua mkono.

Hilo ndilo lako. Sasa na mimi nina langu, na sijawahi kumwambia mtu.

Mchana wa harusi Baba alikuja kumpongeza bibi harusi. Akakishika kidani kikiwa shingoni mwake, akasema, "Kazi nzuri." Nilikuwa hatua mbili nyuma nimeshika shela. Nikaona kidole gumba chake kinazunguka ukingo, kikafika kwenye pengo, kikasimama. Baba akainua macho akanitazama mimi. Akanitazama muda wa kutosha kuita jina langu. Kisha akakiachia kidani, akaenda kukaa na wazee wenzake, akaomba maji.

Kwa hiyo alijua, Koleo, tangu siku ile. Wewe ulikuwa na harusi, mimi nilikuwa na sanduku lililofungwa. Akaona mzigo uende na yule anayeondoka. Ndiyo maana sikuja kumzika. Watu walisema ni aibu ya mwizi, na wewe nadhani ulijilaumu mwenyewe. Nilishindwa kuja kumlilia mtu aliyenitazama vile.

Sijui kama nimekusamehe. Nimekukasirikia kwa muda mrefu, nikiitoa hasira hii sijui chumbani kwangu kutabaki nini. Ijumaa iliyopita nilistaafu. Wamenipa saa ya ukutani. Mwambie fundi saa na mimi sasa ninayo. Nashinda naitazama, na mambo yangu yote ya siku yanakwisha saa nne asubuhi.

Umeniomba nisikunyamazie, nami sijakunyamazia. Sasa ni zamu yangu kuomba. Baba hayupo, wifi hayupo. Amebaki mtu mmoja tu aliyekuwa akiniita mwizi, naye ni Shangazi. Nenda kamwambie kabla hajaondoka. Kwa kinywa chako, usimpelekee kifurushi. Nataka mtu mmoja, hata mmoja tu, ajue kwamba sikuiba.

Dada yako


17 Oktoba 1993

Dada,

Shikamoo.

Kile kipande cha habari za Baba nilikisoma nikakunja barua, nikaenda kukaa nje kwenye ngazi. Fundi saa aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, lakini zamani. Sasa nakumbuka kitu. Msumari ule hakuung'oa mpaka anakufa. Kila chokaa ilipopakwa alimwambia mpakaji auzunguke. Mimi nilikuwa nikidhani anakungoja wewe uirudishe. Sasa sijui alikuwa akimngoja nani.

Nilikwenda kwa Shangazi siku ya Jumapili. Nilivaa koti. Nilichukua kidani mkononi kama ushahidi, nikawa nayarudia maneno njia nzima, watu wanageuka kunitazama. Nilimkuta mlangoni kwenye kiti, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule, blanketi magotini. Sikukaa. Nikasema nikikaa nitaanza kuulizia afya.

Nikamwambia yote. Jumanne, tupa, pua, harusi, kituo cha mabasi. Sikuuzunguka mbuyu hata kidogo, Dada, ungenisikia. Nikamaliza kwa kusema, "Dada yangu hakuiba. Mwizi ni mimi."

Akanitazama kwa upole kabisa. "Dada yako yupi?"

Nikakutaja. Nikamtajia cherehani yako, nikamtajia kovu lako la kidevuni. Akatikisa kichwa. "Wewe huna dada, baba. Kaka yangu alikuwa na mtoto mmoja tu, sonara. Unamfahamu?"

Mjukuu wake akasema yuko hivyo tangu mwaka jana, asubuhi anawajua na jioni hawajui. Nikarudia tena, kwa sauti, mpaka jirani akachungulia. Naye akasikiliza mwanzo hadi mwisho, halafu akaona nilichoshika. "Hiki nani kakitengeneza?" Nikasema mimi. Akakishika, akakipeleka juani, akakigeuza. "Hodari," akasema. "Mikono yako imebarikiwa."

Nilitaka kutukanwa, nikasifiwa. Ndipo nikakaa.

Alikivaa mwenyewe. Nilipoondoka nikamwomba anirudishie, akakitumbukiza ndani ya nguo na kunikazia macho kama zamani, kama alipokuwa akitufukuza jikoni. Akamwambia mjukuu, "Hiki kanipa kaka yangu, mpiga tarumbeta." Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya. Basi aliyekuita mwizi wa mfalme, leo kilichobaki cha mfalme kiko shingoni mwake, na mjukuu anasema analala nacho.

Nimekufanyia ulichoniomba na hakikufaa kitu. Nilichelewa hata kwa hilo.

Niliporudi nilifungua chupa. Kizibo kilikuwa kimeganda nikakivunja. Chembe zilikuwa zimegeuka nyeusi. Nikaziyeyusha, fundi saa akinishikia taa kwa sababu macho yangu hayatoshi, na zilipoungana zikawa tone moja jeupe, dogo kuliko nilivyodhani. Hazikutosha pete. Nikagonga kifungo. Kimepinda upande mmoja na matundu yake mawili hayako sawa, unisamehe, sikuyaona. Nimekifunga ndani ya karatasi hii. Hutamtambua mfalme, lakini ndiye.

Ndiyo kazi yangu ya mwisho. Kesho fundi saa anachukua na meza.

Dada, chumba cha nyuma kiko wazi, kina dirisha la barabarani. Kikombe cha pili nimekiacha nje ya kabati tangu uliponiambia. Sina la kukupa zaidi ya hayo. Njoo.

Koleo


25 Novemba 1993

Mdogo wangu Koleo,

Marahaba.

Nilipofika pale Shangazi alipokitumbukiza kidani ndani ya nguo nilicheka peke yangu mpaka jirani wa juu akaacha kuburuta kiti. Kisha nikarudi nyuma nikasoma tena lile swali lake, na kicheko kikaniishia. Nimekaa na barua yako wiki tatu. Nitakwambia ukweli, iliniuma kuliko kuitwa mwizi. Mwizi angalau anakumbukwa. Nilitaka nirudishiwe jina langu, nikaambiwa sikuzaliwa.

Halafu juzi, nikiwa nakunja mashuka yangu mwenyewe kwa kukosa ya hospitali, nikawaza: duniani amebaki mtu mmoja tu anayejua nina kovu kidevuni tangu lini, na kwamba kwenye nyumba ile palikuwa na cherehani chumba cha mbele na mtu akipiga pedali. Mtu huyo ndiye aliyenifanyia haya yote. Sina mwingine. Na wewe huna mwingine wa kukuita Koleo.

Kidani mwachie Shangazi. Usimsumbue.

Kifungo nimekipata. Kimepinda kweli, wala usijitetee. Koti langu la safari lina vifungo vinne vyeusi. Cha pili kutoka juu nimekikata, nikashona hiki cha kwako mahali pake. Hakikuingia kwenye tundu ikabidi nilipanue na kulizungushia uzi upya. Koti nimelifunga na kulifungua mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Chumba nimekwisha kabidhi. Saa ya ukutani namletea fundi saa, aongeze ugomvi.

Tarehe sikutajii. Nilikaa dirishani nikikungoja useme, miaka thelathini na minane; zamu yako sasa kukaa kwenye benchi la kituoni. Mabasi ya kutoka huku yanaingia asubuhi. Watashuka wanawake wazee wengi, na kwa macho yako hayo wote tutafanana, na mimi siyo yule uliyempungia mkono. Usinitafute usoni, Koleo. Tazama vifungo.

Dada yako